Nani ashike nafasi ya nne? India dhidi ya Australia, Machi 2019

Mleta mada
Jumatano, 6 Machi 2019

Wakuu, salaam. Ninaufungua uzi huu wa kriketi wakati India inaongoza kwa mechi mbili bila, na najua wapo watakaouliza kuna sababu gani ya kunung'unika wakati timu inashinda. Matokeo sina ugomvi nayo. Ninachouliza kinawahusu wateuzi: mfululizo huu wa mechi tano za siku moja ndio wa mwisho kabla ya Kombe la Dunia litakaloanza Uingereza tarehe 30 Mei, zimebaki mechi tatu, na hadi leo hakuna anayeweza kukuambia bila kusita ni nani atakayeshika nafasi ya nne katika safu ya wapigaji, yaani mtu wa nne kuingia kugonga mpira.

Watatu wa juu hawana mjadala. Rohit Sharma na Shikhar Dhawan wanafungua, nahodha Virat Kohli anafuata, na kwa muda mrefu watatu hao wamekuwa wakipika wenyewe hadi chakula kinaiva, kwa hiyo mtu wa nne alikuwa akiingia kupakua tu. Ndiyo maana pengo halikuonekana. Tangu Kombe la Dunia la 2015 wamepita hapo Ajinkya Rahane, Manish Pandey, KL Rahul, Dinesh Karthik, na hata Yuvraj Singh, ambaye Januari 2017 pale Cuttack aligonga mikimbio (pointi) 150 dhidi ya Uingereza, tukadhani shida imekwisha, haikuisha. Oktoba mwaka jana, Ambati Rayudu alipogonga 100 kwa mipira 81 dhidi ya West Indies mjini Mumbai, Kohli mwenyewe alitamka hadharani kwamba huyu ameitumia nafasi yake na anastahili kuungwa mkono hadi Kombe la Dunia.

Katika mfululizo huu Rayudu amepata 13 Hyderabad na 18 jana Nagpur, na tayari minong'ono imeanza. Wapo wanaotaka mahali pake apewe Vijay Shankar, ambaye jana alifanya makubwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda: mtu aliyeahidiwa nafasi hadi Mei hapaswi kunyang'anywa Machi kwa sababu ya mechi mbili. Karibuni.

Kipa Mstaafu
Jumatano, 6 Machi 2019

Ndugu mleta mada, hayo "makubwa" umeyapitia juu juu mno, na ninashuku umefanya hivyo kwa makusudi. Ngoja niyarudie kwa faida ya ambao walikuwa kazini. Australia wanahitaji mikimbio 11 katika ova (mipira sita) ya mwisho, Marcus Stoinis ameshafikisha 52 na ametulia, Jasprit Bumrah amemaliza ova zake zote kumi. Kohli anamwita Shankar, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa amerusha ova moja tu na kunyukwa mikimbio 13. Mpira wa kwanza unafika miguuni, Stoinis anaukosa, mguu uko mbele ya wiketi, vile vijiti vitatu, mwamuzi anainua kidole. Wanaomba marudio ya video na hayawasaidii. Mpira wa pili Adam Zampa anapata mikimbio miwili. Wa tatu unapita chini ya gongo lake na kuangusha vijiti. India imeshinda kwa mikimbio minane, 250 kwa 242, na huo ukawa ushindi wake wa 500 katika mechi za siku moja. Kabla ya hapo kijana huyo huyo alikuwa amegonga 46 kwa mipira 41, akitolewa kwa bahati mbaya ambayo huwezi kumlaumu nayo: Kohli aligonga moja kwa moja mbele, mpira ukamgusa Zampa mkononi na kuvunja wiketi ya upande wa mrushaji, Shankar akiwa nje ya mstari.

Sasa niambie, Rayudu anaweza kukupa nini pale anaposhindwa kupata mikimbio? Kurusha hawezi. Baada ya mechi ya Sydney tarehe 12 Januari mrusho wake ulitiliwa shaka kwamba si halali, akapewa siku 14 za kwenda kupimwa, hakwenda, na tarehe 28 Januari akasimamishwa kurusha katika mechi za kimataifa. Timu inayokwenda Uingereza na warushaji watano kamili, mmoja wao akiamka vibaya, haina pa kukimbilia.

Mwanahesabu
Alhamisi, 7 Machi 2019

Naomba kuingia kati. Kipa Mstaafu ameeleza ova ya mwisho vizuri kiasi kwamba nusura nimsahau mwenye hoja nyingine, lakini mipira mitatu haiwezi kuwa kipimo cha mpigaji wa nafasi ya nne. Wastani wa Rayudu katika mechi za siku moja ni zaidi ya mikimbio 47 kila anapotolewa, na ni wapigaji wachache wa India, tangu waanze kucheza aina hii ya kriketi, waliocheza mechi zaidi ya 50 wakabaki juu ya hapo. Shankar alianza Januari mwaka huu Melbourne. Wiketi alizonazo, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi za siku moja ni mbili, na zote mbili ndizo hizo za ova ya juzi.

Ila kuna mechi moja ambayo wote wawili mmeisahau. Tarehe 3 Februari, Wellington, warushaji wa New Zealand, Trent Boult na Matt Henry, walikuwa wameiacha India na mikimbio 18 kwa wiketi nne, yaani wapigaji wanne wameshatolewa. Rohit 2, Dhawan 6, Shubman Gill 7, Dhoni 1. Mpira ulikuwa ukipinda hewani na kudunda usivyotarajiwa, hali ile ile ambayo watu wanaiogopa kwa Uingereza. Waliosimama pale ni nani? Rayudu na Shankar. Walijenga mikimbio 98 pamoja. Shankar akatoka na 45, Rayudu akaendelea hadi 90 kwa mipira 113, na India ikafika 252 na kushinda kwa mikimbio 35. Kwa hiyo mjadala wa kuchagua mmoja kati ya hawa wawili unanishangaza kidogo, kwa sababu ushahidi bora zaidi tulionao kuhusu kila mmoja wao ni ule waliouandika wakiwa pamoja.

Binti wa Upanga
Alhamisi, 7 Machi 2019

Wakubwa wangu, hamjambo. Mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, lakini leo nina neno. Baba ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo, na mechi hizi zinapoanza saa tano asubuhi kwa saa zetu, televisheni ndogo iliyo juu ya rafu ya nyaya huwashwa na haizimwi hadi jioni. Mteja akija kuuliza bei ya swichi hujibiwa bila kutazamwa usoni. Jumanne Rayudu alipoingia, baba alinyamaza, na alinyamaza kwa sababu moja: alikuwa akihesabu mipira iliyopita bila mkimbio hata mmoja. Baba hana neno na idadi ya mwisho. Kinachomkera ni kwamba katika ova za katikati, wakati warushaji wa mpira wa kuzungusha wanashika mchezo, Rayudu hapati ile mikimbio ya mmoja mmoja ya kumrudisha Kohli kwenye zamu. Kohli aligonga 116 siku ile huku akilazimika kubeba mzigo wa wote wanaokuja na kuondoka upande wa pili.

Kwa hiyo ninamuuliza Mwanahesabu kwa heshima: wastani unaonyesha mtu amepata mingapi, je, unaonyesha pia amemwachia mwenzake nini?

Mwanahesabu
Alhamisi, 7 Machi 2019

Hauonyeshi, dada yangu. Umenishika pabaya. Mpe baba salamu zangu.

Mzee wa Parklands
Ijumaa, 8 Machi 2019

Wanangu, nimesoma yote kabla mechi ya Ranchi haijaanza. Mnaongea kana kwamba wateuzi huchagua kwa daftari peke yake. Mimi nilikuwa Nairobi mwaka 2003, mwaka ambao Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na nakumbuka jinsi watu walivyoguna Aasif Karim aliporudishwa kikosini. Alikuwa nahodha wetu mwaka 1999, akastaafu, na sasa alikuwa na miaka 39. Vijana wa kurusha walikuwepo. Collins Obuya alikwisha waangusha Sri Lanka hapa hapa uwanja wa Gymkhana kwa wiketi tano kwa mikimbio 24. Wengi walisema mzee anakwenda kutalii. Kisha ikaja Durban, tarehe 15 Machi, dhidi ya Australia ile ya Ricky Ponting. Sisi tulikuwa tumepata 174 tu. Karim akarusha ova 8 na mipira miwili, sita kati ya hizo ova hazikutoa mkimbio hata mmoja, akachukua wiketi tatu kwa mikimbio saba, Ponting akiwa wa kwanza wao. Tulishindwa mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora ilimfuata upande wa walioshindwa.

Aliyemchagua Karim alitazama kazi inayotakiwa kufanywa, kisha akatafuta mwenye mkono wa kuifanya, hata kama alikuwa nyumbani amepumzika. Nawauliza wateuzi wa India swali hilo hilo: kazi ya mtu wa nne kule Uingereza ni ipi? Kama ni kuokoa jahazi wakati wiketi mbili zimeanguka asubuhi, mnaye Rayudu, na Wellington ni ushahidi. Kama ni kuongeza kasi kutoka 180 kwa mbili, chukueni mwingine. Mkishindwa kusema ni kazi ipi, hata mkimchagua nani mtamtoa baada ya wiki mbili.

Mleta mada
Jumamosi, 9 Machi 2019

Shikamoo mzee wetu, na asante kwa hilo la Karim.

Jana Ranchi imetuharibia. Kohli alishinda kurusha shilingi akaamua timu yake irushe mpira kwanza, akitegemea umande wa jioni uwalainishie kazi wapigaji wake, na umande haukuja kama alivyotarajia. Usman Khawaja 104, Aaron Finch 93, wawili hao peke yao wakaweka 193 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, na Australia ikamaliza na 313. Dhawan akatoka na 1, Rohit 14, Rayudu akang'olewa vijiti na Pat Cummins akiwa na 2. Kohli akagonga 123 na bado tukapungukiwa na mikimbio 32. (Wachezaji wetu walivaa kofia za jeshi siku hiyo. Hilo lina uzi wake kwingine, naomba tusilianzishe hapa.)

Taarifa ni kwamba mlinda wiketi wetu, Mahendra Singh Dhoni, atapumzishwa katika mechi mbili zilizobaki na Rishabh Pant ndiye atakayesimama nyuma ya vijiti kulinda wiketi. Nina wasiwasi kwamba Rayudu naye anaelekea benchi. Mnaona ilivyo? 13, 18, 2. Mechi tatu. Lakini nawakumbusha kwamba jana aliingia watu wawili wa kwanza wameondoka na mikimbio 15 tu ubaoni, na mpira aliotolewa nao ungeweza kumtoa mtu yeyote.

Kipa Mstaafu
Jumamosi, 9 Machi 2019

Ungeweza kumtoa mtu yeyote, lakini umemtoa yeye, mkuu. Shankar alikuja chini huko akapata 32.

Na ili usidhani ninasema haya kwa sababu simwonei huruma mtu anayeachwa, nikupe kisa changu. Nililinda wiketi kwa miaka kumi na moja katika klabu moja ya Nairobi ambayo sitaitaja. Mwaka wa kumi na moja nikaja uwanjani Jumamosi, glavu zangu tayari nimezilowesha, nikakuta jina langu halipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kamati ilikuwa imempata kijana anayelinda wiketi vibaya kidogo kuliko mimi lakini anayegonga vizuri zaidi. Hakuna aliyeniambia kabla. Nilikaa kwenye ngazi za banda nikaitazama mechi yote, na ilipofika saa kumi nilikuwa nimeshaelewa kwamba walikuwa sahihi. Kilichoniuma ni ile karatasi. Kwa hiyo Rayudu akitolewa, nitakachodai ni kwamba aelezwe na wakubwa wake uso kwa uso.

Mwanahesabu
Jumatatu, 11 Machi 2019

Mohali, jana. Naandika haya nikiwa bado siamini. India ilipata 358 kwa wiketi tisa, Dhawan 143, Rohit 95, Bumrah akamaliza kwa kugonga mikimbio sita katika mpira wa mwisho, nao ndio ulikuwa mpira wake wa kwanza kuugusa. Australia wakafikisha 359 wakiwa na mipira 13 mkononi. Hawajawahi kukimbiza idadi kubwa hivyo na kuifikia katika mechi za siku moja. Peter Handscomb 117, Khawaja 91, na Ashton Turner, ambaye wengi wetu tulilazimika kuuliza ni nani, 84 kwa mipira 43 bila kutolewa.

Safari hii Kohli aligonga kwanza, na safari hii umande ukaja. Kuldeep Yadav na Yuzvendra Chahal walikuwa wakirusha mpira uliolowa kama sabuni ya kufulia.

Kipa Mstaafu
Jumatatu, 11 Machi 2019

Mwanahesabu ametaja umande na kuacha kilichotokea nyuma ya vijiti, basi nitakisema mimi, maana kazi ile naifahamu. Chahal anarusha, Turner anatoka hatua mbili nje ya mstari, anaukosa mpira kabisa. Pale ndipo mlinda wiketi anapolipwa mshahara wake. Mikono ya Pant iliinuka mapema, mpira ukapita chini yake, Turner akarudi ndani akicheka. Alikuwa na 38. Muda mfupi baadaye Pant akajaribu kuvunja wiketi bila kutazama, kama anavyofanya Dhoni, akawapa mkimbio wa bure. Uwanja mzima ukaanza kuimba jina la Dhoni, na kijana wa miaka 21 akasikia yote.

Sikubaliani na kelele zile. Dhoni naye alikosa mpira wa namna hiyo alipokuwa kijana. Tofauti ni kwamba hakukuwa na mtu wa kulinganishwa naye. Lakini ukiuliza kama Pant yuko tayari kulinda wiketi katika Kombe la Dunia, jibu ni hapana, na ukiuliza kama yuko tayari kugonga tu, bila glavu, hapo tunaweza kuongea. Alipata 36.

Mleta mada
Jumatatu, 11 Machi 2019

Nanyi mnazunguka hoja yangu. Rayudu aliwekwa benchi jana. Sawa. Je, aliyejaribiwa mahali pake ni nani? Rahul alipandishwa nafasi ya tatu akapata 26, Kohli akashushwa ya nne akapata 7. Yaani tumemtoa mtu wa nne ili tumhamishe mpigaji bora duniani kutoka mahali anapogonga vizuri kuliko binadamu mwingine yeyote. Najua wazo hilo lilisemwa na kocha Ravi Shastri mwezi uliopita, kwamba mpira ukipinda sana Uingereza Kohli akingwe kwa kushushwa hatua moja. Lakini Shastri alisema atakayepanda mahali pa Kohli ni Rayudu, na Rayudu alikuwa amekaa benchi. Shankar naye alikuja wa saba. Tukiwa na mechi moja tu iliyobaki, mtu anayetajwa kila siku kwa nafasi ya nne hajawahi kugonga nafasi ya nne hata siku moja.

Binti wa Upanga
Alhamisi, 14 Machi 2019

Jana Delhi yamekwisha. Australia 272 kwa wiketi tisa, Khawaja 100 tena, India 237. Mfululizo umeondoka tatu kwa mbili, baada ya sisi kuongoza mbili bila. Australia hawakuwa wameshinda mfululizo wa mechi za siku moja India tangu 2009.

Kaka mleta mada, nilitazama kwa ajili yako. Aliyeingia wa nne alikuwa Pant. Alipata 16. Shankar akaja wa tano, naye 16. Wiketi sita zilikuwa zimeanguka kwa 132, na ni Kedar Jadhav na Bhuvneshwar Kumar, mrushaji, waliotufanya tuendelee kukaa kwenye viti, kwa mikimbio 91 waliyoiweka pamoja. Baba alisema maneno machache, kwa Kigujarati, na sitayatafsiri. Katika mechi tano watu watatu tofauti wameshika nafasi ya nne, na wote kwa jumla wameleta mikimbio 56.

Mwanahesabu
Alhamisi, 14 Machi 2019

Nimeihakiki hesabu ya dada: 13, 18, 2, 7, 16. Ni 56 kweli.

Mzee wa Parklands
Alhamisi, 14 Machi 2019

Na hakuna aliyesema bado kazi ya mtu huyo ni ipi.

Mleta mada
Jumanne, 16 Aprili 2019

Kikosi kimetangazwa jana. Shankar yumo. Dinesh Karthik yumo kama mlinda wiketi wa akiba, ingawa hakuwemo hata katika kikosi cha mechi za siku moja dhidi ya Australia. Rayudu hayumo, Pant hayumo. Mwenyekiti wa wateuzi, MSK Prasad, ameeleza kwamba Shankar ni mchezaji wa pande tatu: anagonga, anarusha, anadaka. Rayudu naye leo ameandika mtandaoni kwamba ameagiza miwani ya kutazamia filamu za pande tatu ili aifuatilie michuano. Nilicheka, kisha nikasikitika, kwa sababu Novemba mwaka jana mtu huyu aliacha kabisa kriketi ya siku nne ili nguvu zake zote aziweke katika mechi fupi. Alifanya hivyo kwa neno la nahodha.

Kipa Mstaafu, ulitaka aelezwe uso kwa uso. Sijui kama alielezwa, ila kwa maneno yake ya leo hafanani na mtu aliyeelezwa.

Kipa Mstaafu
Jumanne, 16 Aprili 2019

Hilo nakupa, mkuu. Kuhusu Shankar sibadili neno. Mechi tisa, mikimbio 165, wiketi mbili. Ni kidogo, nakubali, lakini wateuzi wamechagua mtu wa kuziba tundu mbili kwa wakati mmoja. Tukutane Julai.

Mleta mada
Jumatano, 10 Julai 2019

Tumekutana Julai.

Kwa atakayesoma baadaye: Shankar alichukua wiketi kwa mpira wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, dhidi ya Pakistan, kisha akapata 29 na 14 katika nafasi ya nne dhidi ya Afghanistan na West Indies, kisha akaumia kidole cha mguu na kurudi nyumbani. Aliyeitwa badala yake ni Mayank Agarwal, ambaye hajacheza mechi hata moja ya siku moja kwa India, na Rayudu aliyekuwa kwenye orodha ya akiba akastaafu tarehe 3 Julai. Leo Manchester, katika nusu fainali iliyokatwa na mvua ikachezwa siku mbili, New Zealand walitupa 240 za kukimbiza. Rohit 1, Rahul 1, Kohli 1. Ubao ulisoma mikimbio 5 kwa wiketi tatu, na aliyeingia wa nne alikuwa Pant, kijana ambaye Aprili hakuchaguliwa. Alivumilia mipira 56, akafika 32, kisha akainama kumpiga Mitchell Santner juu upande wa mguu na kudakwa. Ravindra Jadeja akagonga 77 kwa mipira 59, Dhoni, aliyewekwa wa saba kwa sababu ambayo bado naitafuta, akapata 50 na kukatwa na mrusho wa Martin Guptill akikimbilia mkimbio wa pili. Tumepungukiwa na mikimbio 18.

Waliotuvunja asubuhi ni Boult na Henry. Ni wale wale wa Wellington.

Kipa Mstaafu
Jumatano, 10 Julai 2019

Nilijua utaitaja Wellington, na una haki. Lakini uwe mkweli pia: siku ile tulikuwa tumeshashinda mfululizo, tatu kwa moja, na hakuna aliyekuwa akitetemeka. Leo ilikuwa nusu fainali. Rayudu angesimama? Inawezekana. Mimi siwezi kuapa, nawe huwezi.

Mwanahesabu
Jumatano, 10 Julai 2019

Wellington, wiketi ya nne ilianguka tukiwa na 18. Leo ilianguka tukiwa na 24. Sina la kuongeza.

Binti wa Upanga
Jumatano, 10 Julai 2019

Baba amefunga duka saa moja kamili, jambo ambalo halijatokea tangu Idi. Njiani ameniambia kitu ambacho sikuwa nimekiwaza. Wale wawili waliotuua Mohali, Handscomb mwenye 117 na Turner mwenye 84, wateuzi wa Australia waliwaacha wote wawili Aprili. Turner hayuko Uingereza. Handscomb ameitwa wiki iliyopita tu, kwa sababu Shaun Marsh amevunjika mkono mazoezini, na kesho dhidi ya wenyeji pale Edgbaston kocha wao amesema atacheza. Baba anataka kuona atapangwa nafasi ya ngapi.